Mashine ya biti au laptopu? Jibu kwa msomaji wa Igoma

Msomaji mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo:

"Shikamoo kaka. Natengeneza biti kwa programu ya FL Studio, huu mwaka wa tatu. Laptopu yangu ni ya mtumba, i5, RAM GB 4, hadi diski (hard disk) ni ile ya zamani. Nina biti zaidi ya mia mbili ambazo hazijaisha. Nimeangalia sana video za jamaa wanaotumia MPC, ile mashine ya Akai ya kutengenezea biti kwa pedi, bila kompyuta, nikaona kumbe kinachonikwamisha ni laptopu. Nimekusanya milioni mbili na laki mbili. Ninunue MPC One niachane kabisa na kompyuta? Nataka kufungua studio ndogo hapa nyumbani nirekodi wasanii wa mtaani."

Marahaba mdogo wangu, na wabeja kwa kunieleza hali ya vifaa vyako bila kujipamba. Wengi huniandikia "kompyuta yangu iko vizuri tu", nikienda nakuta ni ya mtoto kufanyia homuwaki.

Sitakuzungusha. Kwa kazi uliyoitaja, ya kurekodi wasanii nyumbani, MPC One usiinunue sasa. Nasema hivyo mimi mwenye mashine mbili mezani, ambaye nikiishika moja jioni chakula kinapoa. Ila sababu zinazotajwa mitaani za kuzipenda au kuzikataa hizi mashine nyingi hazina miguu, na mojawapo umeshaimeza, kwa hiyo nivumilie.

Tuanze na hilo la kuachana na kompyuta. Ukiifungua MPC One utakuta ndani prosesa ya aina inayowekwa kwenye vifaa vya Android, Linux ndiyo inayoiendesha, na RAM yake ni GB 2, nusu ya uliyonayo wewe. Ni kompyuta. Tofauti ni kwamba imefungwa kwenye kazi moja: haina kivinjari, haina WhatsApp inayolia, haina Windows inayoamua kujisasisha msanii akiwa ameshika maiki. Ndiyo maana GB 2 zake zinatosha na 4 zako zinakwama. Hakuna sauti ya siri iliyofichwa humo.

Na kama unadhani uwezo mdogo wa kifaa ndio unaoua biti, kumbuka MPC ya kwanza, MPC60 iliyobuniwa na Roger Linn ikatolewa na Akai mwaka 1988. Ile ilikuwa na nafasi ya sekunde 13.1 tu za sampuli, yaani vipande vya sauti iliyorekodiwa, ngoma na kila kitu humohumo. Sekunde 13 ni muda wa konda kutaja vituo vya kutoka Buzuruga hadi Igoma. Watu walifanya kazi na hizo sekunde, na hip hop ya dunia nzima ikafuata.

Kuna lingine utakaloambiwa: kwamba MPC ina "mnesho" wake (swing), yaani kuchelewesha kidogo kila pigo la pili, ambao FL haiwezi. Hili nalipenda kwa sababu linapimika. Chukua biti ya BPM 90, yaani mapigo 90 kwa dakika. Pigo moja la nusu ya nusu, lile tunalopangia haihati, linachukua milisekunde 167 hivi, kwa hiyo mawili yanachukua 333. Kwenye asilimia 50 pigo la pili linaangukia katikati kabisa, mguu wa roboti. Weka asilimia 58, pigo la pili linasogea hadi milisekunde 193, yaani limechelewa kama 27. Basi, hicho ndicho kichwa kinachotikisika. Roger Linn aliweka wazo hilo kwenye mashine zake watu wakalizoea, lakini unaweza kulipiga hesabu kwa kalamu, na FL ina kitufe chake cha kulifanya. Asilimia za MPC na za FL hazilingani namba kwa namba, basi tumia masikio. Kinacholeta tofauti kubwa zaidi ni kwamba mtu wa MPC anapiga kwa vidole, wewe unachora kwa mausi.

Na hapo tunafika kwenye ugonjwa halisi wa laptopu yako, ambao hukuutaja lakini naweza kuapa unao. Fanya jaribio usiku huu, watu wakilala. Gonga meza kwa kidole. Kidole na sauti ni kitu kimoja, huwezi kuvitenganisha. Sasa fungua FL, weka sauti ya kiki, ile ngoma nzito ya chini, gonga kitufe cha kibodi. Kuna kaupenyo kati ya kidole na kiki, sivyo? Kama mtu anakujibu kutoka chumba cha pili. Kompyuta haitoi sauti chembe kwa chembe, inajaza ndoo kwanza ndipo inamwaga. Ndoo hiyo tunaiita bafa. Kwa sauti ya chembe 44,100 kwa sekunde, bafa ya chembe 1024 ni milisekunde 23, ya 512 ni karibu 12, ya 256 ni karibu 6, ya 128 ni karibu 3, na hapo sijahesabu ucheleweshaji mwingine wa njiani. Sauti ikisafiri hewani hutumia milisekunde moja kwa sentimita 34 hivi, kwa hiyo bafa ya 512 ni kama umeiweka spika mita nne kutoka ulipokaa, ya 1024 ni kama mita nane. Jaribu kupiga ngoma iliyoko mita nane, ukiwa umefungwa mikono kwa kamba ya urefu huo. Mkono unachoka, unaamua kuchora kwa mausi, na biti inakufa ganzi.

Mashine imepimwa kiwandani ili kaupenyo hako kasikusumbue. Hiyo ndiyo raha unayoiona kwenye video, na ni raha ya kweli. Lakini laptopu nayo unaweza kuiponya: ingia kwenye mipangilio ya sauti ya FL, achana na draiva ya kawaida ya Windows, chagua ASIO, draiva ya sauti yenye ucheleweshaji mdogo, kisha shusha bafa hadi 256 unapopiga. Ukifika kwenye kumiksi, ipandishe hadi 1024 ili prosesa ipumue. Nusu ya vijana wanaokuja kwangu hawajawahi kufungua ukurasa huo. Miaka mitatu!

Kwa RAM yako ya sasa bafa ya 256 huenda itakwaruza, nakiri. Tutalifikia hilo kwenye hela.

Sasa umeme, kwa sababu tuko Mwanza na hakuna jibu la vifaa linalokamilika bila kuutaja. MPC One, iliyotoka mwaka 2020, haina betri. MPC Live ya mwaka 2017 inayo, na Push 3 ya Ableton ya mwaka 2023, ile inayojitegemea, inayo pia, lakini hizo ni bei nyingine. Mimi somo hili nililipia ada nikiwa nimepanga Mabatini. Nilikuwa na mashine isiyo na betri, na kijana amevuka kutoka upande wa Sengerema kwa kivuko cha Kamanga, anataka biti yake arudi nayo asubuhi. Saa saba na dakika arobaini usiku, sampuli ya gitaa nimeshaikata vipande kumi na sita, kila kipande kwenye pedi yake, besi imekaa vizuri mpaka najicheka peke yangu. Nanyoosha mkono niongeze haihati. Giza.

Kwenye mashine ya namna hiyo kazi inakaa ndani ya RAM mpaka uihifadhi. Umeme ukiondoka, inaondoka nao. Nilikuwa sijasevu tangu saa nne. Mteja amelala kwenye kochi, hana habari. Nikakaa pale gizani naiimba ile besi kwa mdomo nisiisahau, nikairekodi kwenye simu. Asubuhi tukasikiliza wote wawili: ni mtu anayeguna kama amekula dagaa wabichi.

Laptopu yenye betri nzima ingenipa japo dakika ishirini. Kama betri yako imekufa, na kwa mtumba wa i5 nahisi imekufa, basi wewe na mwenye MPC One mko mtumbwi mmoja. Nunua UPS ndogo. Haikupi usiku mzima wa kazi, inakupa dakika za kusevu na kuzima kwa heshima. Ukitaka usiku mzima, piga hesabu hivi: betri ya sola ya volti 12, ampia-saa (Ah) 100, ina wati-saa (Wh) 1,200 kwenye karatasi. Kama ni ya asidi usiitumie zaidi ya nusu, inabaki 600. Inveta nayo inakula chake, tuseme unabaki na 500. Chaja ya MPC One imeandikwa volti 19 kwa ampia 3.42, yaani wati 65 ikikamuliwa yote. Gawanya, unapata zaidi ya saa saba, na kwa kawaida kifaa hakili kiwango chote kilichoandikwa kwenye chaja. Laptopu ndogo iko humohumo. Spika ndizo zitakazokumaliza, kwa hiyo umeme ukikatika vaa hedifoni.

Tukiwa kwenye umeme: ukirekodi ukasikia mngurumo mzito chini ya sauti, kama friji inayoongea peke yake, usikimbilie kuilaumu maiki. Chomoa chaja ya laptopu. Mngurumo ukiisha, tatizo ni chaja, au soketi ya nyumba haina waya wa ardhi. Nyumba nyingi tunazopanga soketi ina matundu matatu, lakini la tatu ni pambo. Mwite fundi umeme kabla hujanunua maiki nyingine.

Nirudi kwa wasanii wako wa mtaani, maana hao ndio walioamua jibu langu. MPC One ina matundu mawili ya kuingizia sauti, ya jeki ya robo inchi. Haina tundu la waya wa maiki ya studio wala haitoi volti 48 zinazohitajiwa na maiki ya kondensa. Kwa hiyo baada ya kumaliza hela kwenye mashine utahitaji mikisa au priampu, au saundi kadi ya USB ambayo sasa MPC inaikubali. Yaani umeikimbia kompyuta ukaishia kuinunulia mashine vifaa vya kompyuta.

Halafu fikiria kazi yenyewe. Dada wa kwaya au kijana wa hip hop anaingia, anarudia ubeti mara saba. Unachukua mstari wa kwanza kutoka mara ya tatu, neno moja kutoka mara ya sita, unakata pumzi, unashusha herufi "s" inayochoma, unasogeza neno "nakupenda" lililotangulia biti. Kwenye laptopu unaiona sauti nzima, unashika kipande unakivuta. Kwenye kioo cha inchi 7, kwa kidole, inawezekana, na msanii atakuwa ameshakwenda kunywa soda akarudi. Kisha wiki ya pili anakupigia: "Bro, prodyuza wa Dar anataka kila sauti peke yake." Au mwanakwaya anataka toleo lisilo na sauti. Kwenye laptopu unafungua mradi, unatoa faili, unampelekea kwenye flashi. Mashine nayo inatoa, sikatai, lakini bado utahitaji pa kuzihamishia na kuzituma faili hizo.

Mimi sijaona studio ya kulipisha watu hapa Mwanza inayoishi bila kompyuta. Nimeona nyingi tu zinazoishi bila mashine.

Nisije nikaonekana nazitukana. Juni mmoja nilikwenda Bujora, pale Kisesa, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma. Wewe wa Igoma uko karibu kuliko mimi, kwa nini hujawahi kwenda na maiki sijui. Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya wachezaji, wanashindana, ngoma inalia mpaka kifua kinatetemeka. Nilimwomba mzee mmoja mpiga ngoma anipigie peke yake pembeni, tukaelewana malipo yake kabla hajashika fimbo, nikarekodi. Nilikuwa na SP-404MKII, mashine ya Roland ya mwaka 2021 ambayo inatumia betri sita za AA au pawabenki. Nikaketi chini ya mwembe, nikaanza kukata palepale, mashine iko mapajani. Kila kipande nilikianzishia kwenye kishindo kikubwa, kama tunavyofanya siku zote. Nikampa hedifoni. Akasikiliza, akakunja uso, akasema: "Hapa umenikata mkono."

Sikumwelewa mpaka aliponionyesha kwa viganja juu ya goti lake. Kabla ya kile kishindo cha mkono wa kulia kuna mguso mdogo wa kushoto, mwepesi kama mtu anayebisha hodi kwa aibu. Kwangu ilikuwa kelele ya kufagia. Kwake lile pigo linaanzia pale, na bila huo mguso ngoma imekatika mkono. Nikarudisha mwanzo wa kila kipande nyuma kidogo, akasikiliza tena, akanipokonya mashine, akaanza kugonga pedi mwenyewe. Laptopu ningeiacha nyumbani kwa kuogopa vumbi, na mguso ule ningeufuta mezani kwangu Kirumba bila kujua nilichofuta.

Mashine inafaa kwa mtu wa namna hiyo: anayekata sampuli popote alipo, anayepiga jukwaani, anayetaka kumpa mwingine pedi aguse. Na kwa mtu mwenye kompyuta tayari ambaye amechoka kuitazama. Wewe bado hujawa mmoja wao, na sikuhukumu, nasoma tu barua yako.

Maana barua yako ina jambo umelipitia haraka. Biti mia mbili ambazo hazijaisha. Mdogo wangu, hizo hazijakwama kwa sababu ya RAM. Nyingi, nabahatisha, ni vitanzi vya baa nne au nane, vitamu, vinavyorudiarudia, halafu unafungua ukurasa mpya kutafuta kiki bora zaidi kwenye folda yenye kiki elfu tatu. Watu wa MPC nao wana vitanzi vyao visivyoisha, usidanganywe na video, wao hawaonyeshi hiyo sehemu. Ila mashine ina ubahili unaosaidia, na huo ubahili unaweza kuupata bure.

Kwa mwezi mmoja ifanye laptopu iwe mashine. Zima intaneti. Tengeneza folda moja yenye sauti arobaini tu ulizozichagua mchana, sio usiku ukiwa na mzuka wa kutengeneza. Kwenye mikisa tumia njia nane, ya tisa ni marufuku. Usichore kwa mausi, piga kwa vidole hata kama ni kibodi ya herufi, kisha urekebishe yaliyokosewa sana. Kitanzi kikifika baa nane na unakipenda, acha kukipamba: siku hiyohiyo kinyooshe kiwe dakika tatu, yenye kuingia, ubeti, kiitikio na kutoka, hata kama unaona aibu. Mvua ikianza kupiga bati usiku huwezi kurekodi sauti ya mtu hata ukitaka, basi huo ndio muda wa kunyoosha vitanzi kwenye hedifoni. Chukua kumi tu katika zile mia mbili. Nyingine ziache zilale.

Sasa hela. Kwanza SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka, na RAM ifike GB 8, kama laptopu inakubali, na nyingi za i5 zinakubali. Itakugharimu sehemu ndogo tu ya ulichonacho, na hutaamini ni mashine ileile. Fundi mzuri anakuhamishia kila kitu ukisubiri. Pili saundi kadi yenye volti 48 na draiva yake ya ASIO, hata ya tundu moja la maiki, kwa sababu msanii anaingia mmoja mmoja. Tatu maiki, na hedifoni zinazoziba masikio ili biti isivuje kuingia kwenye maiki. Nne, kontrola ndogo ya MIDI, kibao cha kuiongoza programu ya kompyuta, yenye pedi kumi na sita. Hiyo ndiyo MPC ya maskini, na vidole havijui tofauti. Tano UPS. Magodoro mawili ya kusimamisha nyuma ya msanii nadhani unayo nyumbani. Bei uliza mwenyewe madukani, zinacheza na dola. MPC One ilipozinduliwa ilikuwa dola 699 huko kwao, kabla ya usafiri na kabla VAT ya asilimia 18 haijaipokea hapa, kwa hiyo ungebaki bila hata hela ya waya.

Na programu yenyewe. Sikuulizi FL yako umeipata wapi. Nakwambia tu kwamba toleo lake la chini kabisa, lile la Fruity, halirekodi sauti ya maiki, kwa hiyo ukinunua anzia toleo la Producer. Faida yake ni kwamba ukishalipa mara moja masasisho yote yajayo ni bure. Toleo la majaribio linakuruhusu kila kitu isipokuwa kuufungua tena mradi uliousevu, na nimeona mtu akilia kwa kutolijua hilo. Kama hela haitoshi jaribu programu nyingine, REAPER, inakupa siku 60 za kuitumia bila kulipa, ni nyepesi sana kwa laptopu chovu, na kwa kurekodi watu mimi naipenda kuliko FL. Zile za flashi za kupeana mitaani zimeshawahi kunilia hadi diski nzima ya kazi za wateja kwa virusi.

Hela ikibaki, iweke. Ukishatoa nyimbo tano za watu waliokulipa, na mikono bado inawasha, nitafute tuongee habari ya SP-404 ya mkononi kabla ya MPC.

Kama hilo la bafa litakushinda, njoo Kirumba siku yoyote isipokuwa Jumamosi, siku hiyo nina kwaya mbili. Beba na chaja tusikilize kama inanguruma. Na laptopu izime kabisa kabla hujapanda bodaboda, usiifunge tu kifuniko. Hiyo hadi diski ya zamani ni sahani inayozunguka, na mawe ya huku mlimani hayana huruma nayo.